Chai ya Kwenye Pipa la Bluu

Leo nimevuliwa nguo mbele za watu, na kilemba changu bado kiko kichwani.

Nimekaa hapa jikoni kwangu, sijala, hata moto sijawasha. Nawaambia nyie wa humu kundini mapema kabla hamjaambiwa na wengine, maana Mama Tusekile mwenyekiti wetu namjua, akianza kusimulia yeye anatia chumvi mpaka sufuria linatoboka. Mimi nawapa kama ilivyo. Someni polepole, na mimi naandika polepole (miwani imebaki kioo kimoja).

Mambo yenyewe yako hivi. Sisi wamama wa kikundi huku mlimani tuko kumi na nane. Huu mwaka wa tatu hatujagusa mbolea ya dukani. Wametucheka mpaka wamechoka. Mume wa mtu mmoja, simtaji, alisema tumekuwa kama kuku, kutwa kufukua takataka. Kweli tunafukua. Mabua ya mahindi hatuchomi tena. Maganda ya maharage, majani ya migomba, magugu ambayo hayajatoa mbegu, majivu ya jikoni, vyote tunapanga tabaka kwa tabaka, tunafunika, tunageuza, mpaka mboji inaiva. Dada yangu aliyeolewa Rujewa ananitumia hata pumba za mpunga juu ya lori la mchele. Dereva akaniuliza siku moja, "Bibi, hizi nazo unapika?" Nikamwambia naupikia udongo. Udongo nao una tumbo. Usipoulisha, haukulishi.

Na umeshiba kweli. Shamba langu la pale juu lilikuwa jekundu, gumu kama sakafu ya kanisa. Sasa hivi ukipiga jembe linazama, unakuta nyungunyungu wanene wanakuangalia kama umewaamsha. Parachichi zimebeba mpaka matawi nimeyawekea miti ya kuyategemeza.

Sasa wamepatikana wanunuzi wanaotaka parachichi ambayo haijui mbolea ya chumvichumvi. Ila kabla hawajanunua wanatuma mkaguzi. Akisema ndiyo, parachichi za wote kumi na nane zinaondoka kwa bei ya heshima. Akisema hapana, tunarudi kwa wale madalali wetu wanaojaza gunia mpaka linavaa kofia, halafu wanasema eti hilo ni gunia moja. Na mkaguzi hana muda wa mashamba kumi na nane. Anaangalia la mmoja kwa niaba ya wenzake. Wakachagua la kwangu.

Mnaona mzigo huo? Wamama kumi na saba wamekaa juu ya mgongo wangu.

Haya. Sasa hapa pana neno, na hilo neno ndilo limenimaliza.

Bwana shamba wa kata yetu anaitwa Ambakisye. Huyo Ambakisye ndiye kamuoa Neema wangu. Kwa hiyo ni bwana shamba, lakini kwanza ni mkwe. Na mkwe kwetu mnajua ni mtu gani. Hukai naye benchi moja. Huli mbele yake ukatafuna kwa sauti. Na vitu vya chini ya kiuno, vya binadamu au vya mnyama, hutaji yeye akiwepo, wala yeye hataji wewe ukiwepo. Ndiyo heshima.

Siku aliyokuja kutufundisha ile mbolea ya maji, kijana wa watu alisimama mbele ya kikundi jasho linamtoka na kulikuwa na ukungu. Ilitakiwa aseme, chukueni mavi ya ng'ombe. Akaniangalia mimi. Akaangalia juu ya mti. Akasema, "Mnachukua kile... kile cha zizini. Mnatia kwenye gunia, mnalifunga, mnalining'iniza kwenye pipa la maji." Akameza mate. "Mnakoroga kila siku. Wiki mbili, tatu, mnapata chai."

Wenzake huko maofisini wanasema chai ya samadi, maneno yote mawili. Yeye hata hiyo samadi aliona nzito kuitamka mbele ya mama mkwe. Akaikata. Ikabaki chai. Nikamheshimu sana siku ile. Nilisema moyoni, Neema kapata mume.

Na rangi kweli ni ya chai. Mimi pipa langu ni la bluu, liko nyuma ya nyumba karibu na banda la mbuzi. Natia na majani ya alizeti pori humohumo. Povu likiisha ujue imeiva. Unazimua na maji mpaka iwe kama chai ya rangi isiyokolea, unamwagia shinani, siyo kwenye majani. Mahindi yaliyokuwa na sura ya njano kama mtu wa malaria yanasimama. Basi toka siku hiyo kikundi kizima tunasema chai. Bibi Atu (ndiye mimi) nikopeshe chai. Chai yangu haijaiva. Chai yako ina povu. Hakuna anayeshangaa.

Jana Ambakisye akatuita kikao. "Wamama," akasema, "huyo mgeni anatoka Iringa na ni mkali. Kijiji alichokagua kabla ya hapa walimpa bahasha, akaondoka bila kuangalia hata mti mmoja. Kijiji kizima kimekosa. Kwa hiyo asipewe kitu. Hata soda."

Mama Tusekile alikuwa ameshakamata kuku. Nani alisema kuku arudi bandani? Mimi. Nani alisema hata parachichi la kuonja asipewe mpaka aombe mwenyewe? Mimi. Nataka mlishike hilo, maana nikifika mbele mtaanza kuniona mimi ndiye mwizi.

Leo asubuhi nimefagia mpaka njia ya mbuzi. Nimevaa kitenge kile cha harusi ya Neema. Saa nne gari ikapanda. Akashuka baba mmoja wa makamo, shati limechomekewa, viatu vinang'aa (huku kwetu na tope letu, nikamhurumia).

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kamwene," nikamwambia, maana hiyo salamu ya watu wa Iringa naijua, nilitaka ajisikie nyumbani.

Hakucheka. Akasema kamwene, basi. Akatoa simu yake kubwa kama sahani, ile ya kuandikia, akaanza kazi.

Na kazi aliifanya, siwezi kumsingizia. Akaangalia mboji. Kwenye lundo langu nimechomeka mti mrefu, ukitaka kujua kama ndani kunapika unauchomoa unaushika. Akauchomoa, akaushika, akauachia haraka.

"Ni moto."

"Ukiwa baridi ujue limelala, baba. Unaligeuza, unaliamsha."

Akaandika. Akachimba udongo kwa mkono wake, akaunusa. Akauliza mabua nayapeleka wapi, nikamwambia. Akauliza magonjwa, nikamwambia. Wamama wote walikuwa wamekaa pale mbele kwenye nyasi, wamenyamaza kama wako kwenye ubatizo. Kila akiandika, Mama Tusekile ananikonyeza. Mambo yanakwenda.

Halafu akafunga simu yake. "Basi, nimeona. Asanteni sana. Nawahi, natakiwa Chunya jioni."

Nimeona? Umeona nini? Pipa hujaliona.

Roho iliniuma, nyie. Mboji kila mtu anayo. Mama Tusekile anayo, tena imejaa plastiki. Chai kama yangu hakuna. Nimeikoroga siku zote hizo, mvua inanyesha nakoroga, mgongo unauma nakoroga, halafu mtu anaondoka hajaiona. Na hapo alikuwa ameanza kuelekea kwenye gari, Ambakisye anamfuata nyuma.

Sasa nisaidieni. Nimwiteje? Nipige kelele mbele ya watu wote, baba rudi uone pipa la mavi? Na mkwe wangu kasimama pale? Sikulelewa hivyo. Nikafanya kama mtu aliyefundwa. Nikamkimbilia, nikamshika mkono wa shati, nikamvuta pembeni kwenye kona ya nyumba, nikaweka sauti chini.

(Niliangalia na nyuma kama kuna mtu anasikia. Ndiyo. Niliangalia.)

"Baba, usiondoke hivihivi."

"Kuna nini, mama?"

"Kuna chai yako kule nyuma."

Akasimama. Uso wake ukabadilika, mimi nikadhani jua linampiga. "Chai gani?"

"Chai, baba. Nimekuandalia toka wiki ya juzi. Nzito."

"Mimi nikiwa kazini sinywi chai."

"Hii hainywewi. Hii inapita chini kwa chini."

Mizizini, jamani. Nilikuwa nasema mizizini.

"Mama," akasema, "unajua unachosema?"

"Nakijua vizuri sana. Wenzangu hawa wanaitoa kwa kubania, ndiyo maana mambo yao yamedumaa. Mimi natoa. Ukitoa chai, kila kitu kinastawi."

"Na nani mwingine umempa?"

Nikafurahi, nikasema sasa huyu ndiye mkaguzi, anauliza swali la maana. "Huyu hapa," nikamwonyesha Ambakisye, alikuwa hatua tatu tu nyuma yetu. "Nampa kila mwezi. Ni mkwe wangu, nitamnyimaje? Mwenyekiti wa kijiji naye ana dumu lake. Na diwani nilimpelekea mwaka jana, akasema mama, hii kidogo, niongezee."

"Dumu?"

"La lita ishirini. Wakubwa siwapi chini ya hapo."

Ambakisye alikuwa ameanza kukohoa. Alifungua mdomo. Akaniangalia, akaufunga. Akaufungua tena. Akaniangalia tena, akaufunga. Huyo ndiye mwalimu aliyetuletea neno lenyewe. Angesema maneno mawili tu, chai ya samadi, leo ningekuwa nakula ugali wangu. Lakini heshima ilimbana koo, na mimi nikadhani kapaliwa. Nikampiga mgongoni (mkwe! nimempiga mkwe mgongoni, hilo nalo limepita hivihivi kwa sababu ya makubwa yaliyofuata).

Mgeni akafungua simu yake kubwa. "Rudia, mama. Polepole. Niandike."

Nikarudia. Neno kwa neno kama mtu anayetoa ushuhuda kanisani. Dumu la mwenyekiti, akaandika. Diwani kaomba aongezewe, akaandika. Chini kwa chini, akaandika. Nikamwambia aandike pia kwamba naitoa kwa moyo, silazimishwi. Akaandika.

"Simama hapo. Nikupige picha."

Nyie, nilinyoosha kilemba. Nilishika kiuno. Nilitabasamu kwa meno yote yaliyobaki. Akaniambia nigeuke upande kidogo, nikageuka, nikadhani anapenda kitenge.

Akabonyeza kitu. Simu ikalia ting. Huku kwetu siku nyingi kutuma ujumbe mpaka upande juu ya jiwe la kanisa na unyooshe mkono, lakini leo, leo hii, mtandao ulikuwepo. Ujumbe ukaruka.

Ndipo akatembea mpaka mbele ya wamama, akasimama.

"Wamama, poleni sana. Nimeshawishiwa kwa rushwa na mkulima mwenzenu. Amekiri mwenyewe, na amewataja viongozi waliopokea. Ukaguzi nimeusitisha. Taarifa imeshafika ofisini Iringa."

 

Halafu wote kumi na saba wakageuza shingo. Kwangu.

"Bibi Atu," Mama Tusekile akasema, "umempa nini?"

"Sijampa kitu!"

"Rushwa gani basi?"

"Rushwa? Mimi? Mimi niliyerudisha kuku wako bandani? Mimi nimemwambia tu akaangalie chai."

Nikaona Mama Tusekile anahesabu. Akaangalia nyuma ya nyumba. Akaniangalia. Akamwangalia mgeni. Mdomo ukaanza kumcheza. Sasa nyie mnajua Tusekile kwa Kinyakyusa maana yake tumecheka. Basi mwenye jina akalifuata jina lake. Akaanguka kwenye nyasi. Alitaka kumweleza mgeni, lakini kila akisema "baba, ile chai" anashikwa, anajifunika kanga, anapiga ardhi kwa kiganja. Na wengine wakadakia. Wamama wazima wanagaagaa.

Mgeni ndiyo akazidi kukasirika. "Mnacheka? Kwa hiyo wote mnaijua hiyo chai?"

"Tunaijua," akasema mmoja huku anafuta machozi. "Kila mtu anayo nyumbani."

Mungu wangu.

Hapo mimi sikucheka. Mimi nilipandwa na hasira. Nimezeeka hapa mlimani, sijawahi kuiba hata muhindi wa jirani uliodondokea kwangu, leo naitwa mtoa rushwa na picha yangu iko Iringa natabasamu. Nikamshika mgeni mkono kwa mara ya pili, safari hii kwa nguvu, nikamburuta mpaka nyuma ya nyumba. Ambakisye akafuata, amevua kofia kama anasindikiza jeneza. Wamama wakafuata.

"Hii hapa chai," nikasema. "Hili hapa pipa."

Akaangalia pipa. Akaangalia kamba inayoingia ndani. "Na huko ndani ya gunia mmeficha nini?"

Mkwe alikuwa amesimama mkono wangu wa kulia kabisa. Nikaangalia chini.

"Bwana shamba, gunia lina nini?"

Bwana shamba akaangalia mawingu.

Mnaona picha hiyo? Mmoja anaangalia chini, mmoja anaangalia juu. Hata mimi ningekuwa mkaguzi ningesema hawa wameficha hela.

"Litoeni," akasema.

Hakuna aliyejongea. Akakunja mikono ya shati mwenyewe. Akafunua mfuniko, akainama na uso wake wote, akavuta kamba, gunia likapanda linatiririka, akaligusa kwa vidole, akalibonyeza. Akaganda hivyo. Halafu akavuta pumzi, jambo ambalo ningemshauri asilifanye.

Taratibu akalishusha gunia.

"Mama," akasema kwa sauti tofauti kabisa. "Hii ni chai ya samadi."

"Ndiyo chai, baba."

"Diwani alipewa hii?"

"Kwa ajili ya mboga zake. Na akaongezewa."

Alikaa kwenye jiwe, viatu vyake vile na maji yale. Nilidhani ataomba radhi. Akasema, "Taarifa imeshaondoka."

Ujumbe ukienda haurudi, eti. Ikabidi ampigie bosi wake Iringa. Akaweka sauti ya wote kusikia, maana mikono ilikuwa na chai na simu ilibidi iwekwe juu ya mfuniko wa pipa. Akaeleza. Bosi akasema hapana, utaratibu wetu ni kwamba aliyetajwa ajieleze kwa mdomo wake. Mpe huyo mama.

Na mtandao, ule uliobeba ujumbe kama mwewe, sasa ukaanza kulegea.

"Mama, jieleze. Hiyo chai ni nini?"

"Ni mbolea, baba."

"Mboga?"

"Mbolea. Ya maji."

"Mbolea ya dukani?"

"Hapana, hapana!" Hapo ndiyo ningeua kikundi moja kwa moja. "Ya zizini."

"Ya nani?"

"Zizini, baba. Kwa ng'ombe."

"Sikusikii, mama, inakatakata. Taja tu, kwenye pipa mmeweka nini?"

Nikamwangalia Ambakisye kwa pembe ya jicho. Alikuwa ametazama mlimani kabisa, mgongo ametupa. Nikainama kwenye simu. Nikanong'ona. "Samadi."

"Nani?"

"Samadi."

"Hamadi?"

"Samadi."

"Hamadi ndiye nani? Naye amepokea?" Halafu nikamsikia anamwambia mkaguzi, "Ongeza na Hamadi kwenye taarifa."

Hamadi! Kuna baba wa watu anaitwa Hamadi, ana duka la vyuma na misumari pale stendi, mstaarabu, ananipa misumari ya kuongezea kila nikinunua. Nikamwona anakamatwa. Nikawaona watoto wake. Nikaona parachichi za wamama kumi na saba zinajazwa kwenye magunia yenye kofia. Damu ikanipanda mpaka kwenye masikio, na heshima yote niliyofundwa na mama yangu ikanitoka.

"Mavi, baba!" nikapiga kelele. "Mavi ya ng'ombe! Nina pipa la mavi ya ng'ombe, nimeyaloweka mwenyewe, nayakoroga kila siku kwa mkono huu, na nilimwomba mtu wako asiondoke bila kuyaona hayo mavi!"

Neno likaenda mpaka bonde la pili, likapiga ukuta, likarudi. Tulilisikia mara mbili.

Ambakisye akavaa kofia yake. Akaivuta mpaka puani. Akageuka, akaingia kwenye mahindi, akaenda moja kwa moja bila kufuata njia. Tuliona tu mahindi yanatikisika kuelekea kwao.

Na kwenye simu, safari hii safi kabisa bila hata mkwaruzo, bosi akasema, "Sawa, mama. Hiyo nimeisikia."

Basi. Mkaguzi akaosha mikono mara tatu, akafungua simu yake tena, akamaliza ukaguzi kwa heshima. Akauliza nazimua vipi, namwagia lini, nikamjibu nikiwa nimekunja uso. Akaandika maelezo chini ya ile taarifa ya kwanza. Akatusomea: kwamba chai iliyotajwa imekaguliwa na kuthibitishwa kuwa ni samadi, na imeiva vizuri. Tumepita. Wote kumi na nane. Wamama wakapiga vigelegele, wakanibeba, nikawaambia niwekeni chini, msiniguse, mlikuwa mnacheka wakati nafungwa.

Ile picha nikamwomba aifute. Akasema haifutiki, imeshaingia kwenye faili. Kwa hiyo mjue kuna ofisi Iringa mimi niko ndani ya faili, nimeshika kiuno, natabasamu, na pembeni kumeandikwa rushwa.

Na hamjasikia uso mkavu. Anaingia kwenye gari, anashusha kioo, ananiambia, "Mama, mke wangu ana bustani ya mboga. Hivi kadumu kadogo ka lita tano hakawezi kupatikana?"

Nikamwangalia.

"Baba," nikamwambia, "mkaguzi hapewi chai."

Akaondoka na viatu vyake.

Sasa hivi Neema kanipigia. Anasema mume wake kafika nyumbani, kakaa chumbani, hali, hasemi, na kesho anatakiwa kufundisha kikundi cha kijiji cha pili kilekile kilichokosa soko kwa ajili ya bahasha, na mama wadogo wa Neema, wakwe zake nao, wako humo. Kanituma nikuulize, anasema Neema, hiyo ya kwenye pipa tuiiteje sasa, maana chai imeshaharibika.

Nikamwambia, mwambie mumeo asihangaike kutafuta jina. Jina lake la kuzaliwa limeshafika Iringa.